Mashine Iliyozimwa Adhuhuri

Kuna sentensi moja ambayo mpaka leo nikiisikia natamani kurusha kitu: "Kwenye kompyuta yangu imewaka." Niliisema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nikiwa nimekunja nne kwenye kiti cha plastiki ofisini kwetu Singida mjini, chai ya tangawizi mkononi. Bosi wangu akaipokea kama mtu aliyekabidhiwa hati ya kiwanja. Wiki mbili baadaye tulikuwa tumeifunga mashine kijijini, na miezi miwili baada ya hapo mama mmoja mtu mzima alikuwa anaitwa mhujumu mbele ya majirani zake. Nimejaribu kuisimulia habari hii kwa upole, nimeshindwa. Naisimulia na hasira zangu.

Kampuni yetu, kama watu wanne na gari moja bovu wanaweza kuitwa kampuni, ilikuwa inafunga pampu za maji za sola vijijini. Pampu yenyewe inakaa chini kisimani. Juu, ndani ya kibanda, kuna kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa mkate. Humo ndani mna kompyuta ndogo kuliko kiganja changu, inayoamua pampu isukume lini na isimame lini, na inayoandika kila dakika maji kiasi gani yamepanda kwenye tenki. Haina kioo wala kibodi. Kila inachokijua inakisoma kwenye memori kadi moja, na kwenye kadi hiyo mna faili moja kubwa tunaloliita imeji. Ndani ya imeji mna Linux, yaani mfumo unaoiongoza kompyuta, iliyopunguzwa mpaka ikabaki mifupa, na juu yake programu nilizoandika mimi. Mpishi wa imeji hizo nilikuwa mimi, hakuna mwingine.

Kuijenga imeji si kazi ya kishujaa. Unaandika orodha ya vitu unavyovitaka, unaiamuru kompyuta ianze, halafu unakaa. Inavuta vipande kutoka mtandaoni, inavipika kimoja kimoja, na mistari inapita kwenye kioo tangu asubuhi mpaka alasiri. Umeme ukikatika katikati, na kwetu unakatika, unajikuta unasema maneno ambayo mama yako hakukufundisha. Kazi hiyo nilikuwa naifanyia chumba cha nyuma cha duka la vyombo la baba, kwa sababu mtandao wa ofisini ulikuwa wa kuombea dua. Mama alikuwa akipita na masufuria mapya anachungulia.

"Bado inapika?"

"Bado, mama."

"Na wewe mshahara unalipwa kwa kukaa kuitazama?"

Babu yangu alitoka pwani na mzigo wa kanga, akafika hapa akaoa Mnyaturu, na tangu hapo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya kazi ambayo huwezi kuishika mkononi. Nilikuwa namcheka mama kwa swali lake. Sasa naona lilikuwa swali zuri, sema nililijibu kijeuri.

Imeji ikishaiva inatakiwa ijaribiwe kwenye kisanduku chenyewe, na hapa ndipo damu inapoanza kunichemka. Kisanduku cha majaribio kilikuwa kimoja tu, na bosi alikuwa amekipeleka kwenye maonyesho ili wageni wapige nacho picha. Kikakaa huko. Kila nikimkumbusha, jibu ni lile lile: "Dada, si una ile programu yako? Jaribu humo humo." Alimaanisha emuleta, yaani programu inayokaa ndani ya kompyuta yangu na kujifanya kuwa kile kisanduku. Unaipa imeji, nayo inaihadaa imeji ijione iko ndani ya mashine ya kweli, na imeji inaamka. Maandishi meupe yanapanda kwenye kioo cheusi, Linux inajikagua viungo vyake, inazifungua programu zangu moja baada ya nyingine, kisha inatulia na kuniuliza mimi ni nani. Sitadanganya, nilikuwa naipenda dakika ile. Nilikuwa najipigia makofi peke yangu chumbani.

Lakini ndani ya emuleta hakuna vumbi, hakuna panya wa kutafuna waya, wala jua halizibwi na wingu. Umeme wa mle haukatiki. Na mimi, kila nilipomaliza majaribio, nilikuwa naiaga mashine kwa adabu zote: naandika amri ya kuzima, yenyewe inafunga faili zake taratibu, inalala. Siku zote hivyo. Nilijua nimeuacha mfumo wazi. Nilijua kwamba mahali panapokaa roho ya mashine na mahali panapoandikwa vipimo vya kila dakika ni pamoja, na kwamba mashine ya shambani haifanywi hivyo. Roho yake inafungwa, inasomwa tu, haiandikwi, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika isiharibike nayo. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Nikajiambia nitaifanya kwenye toleo lijalo. Bosi alikuwa ameshanikalia kichwani na tarehe ya makabidhiano, imeji ilikuwa inawaka, nami nikaisema ile sentensi.

Kijiji kiko mbele ya Ilongero, sina haja ya kukitaja. Tulifika asubuhi, alizeti zimeshavunwa, upepo unazoa makapi uwanjani. Mhudumu wa pampu alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mjane, mfupi, mwenye mikono ya fundi. Kabla ya sola kisima kile kilikuwa kinaendeshwa na injini ya dizeli, na yeye ndiye aliyekuwa akiipiga hendeli kila alfajiri kwa miaka kumi na ushee. Kazi alifundishwa na mumewe. Mume alipofariki kamati ya maji ilijaribu wanaume watatu, injini ikawakataa wote, wakarudi kwake kichwa chini. Aliniambia hayo mwenyewe, kabla hata sijafungua begi, na kwa sauti ya mtu anayetaka uelewe unaongea na nani.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kisanduku.

"Hiki ndiyo injini?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hakina mlio?"

"Hakihitaji mlio."

"Sasa utajuaje kama kinaumwa?"

Nikamwonyesha taa mbili. Ya kijani ikiwaka, mambo ni mazuri. Nyekundu ikiwaka, piga simu. Nikamwambia hakuna kingine cha kufanya, mashine inajiendesha. Mafunzo yangu yote yalichukua muda wa kunywa soda moja, na kweli nilikuwa nakunywa soda. Sikumuuliza ile injini ya dizeli alikuwa anaiendeshaje siku nzima, anaiwasha vipi, anaizima saa ngapi. Sikuona ya nini. Nilikuwa msomi.

Pampu ilifanya kazi miezi miwili. Siku moja ikawasha taa nyekundu na haikuwaka tena ya kijani. Watu wakarudi korongoni kuchimba mchanga, wakachota kwa kikombe maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Punda wakarudi njiani na madumu, na mabinti wakarudi kufika shuleni saa nne. Simu ilipigwa na mwenyekiti wa kijiji. Mama hakupiga, kwa sababu siku ile ile kamati ilikuwa imeshamnyang'anya funguo za kibanda.

Ilikuwaje? Mwenyekiti alimweleza bosi kwamba watu wamemwona mama akishusha swichi kubwa ya sola kila siku adhuhuri, na kuipandisha baada ya muda. Kila siku, bila kukosa. Bosi hakuuliza swali la pili. Hakwenda kukifungua kisanduku, hakunituma niende. Alikaa mezani akaandika ripoti kwa wafadhili mchana ule ule, na ripoti ilikuwa imeshatumwa kabla sijajua kama pampu imekufa. Nikaisoma jioni yake. Ilisema hitilafu imesababishwa na mhudumu asiye na uelewa, ambaye amekuwa akizima mtambo kwa makusudi bila idhini.

Neno makusudi lilikimbia haraka kuliko maji. Kijijini wakaanza kusema anataka dizeli irudi, kwamba enzi za injini alikuwa akijichotea mafuta ya kuwashia taa yake humo. Waliokuwa wakimwamkia asubuhi wakaanza kupita kwa nyuma ya nyumba yake. Ukaitishwa mkutano: avuliwe kazi hadharani, na kama wananchi wataona inafaa, apelekwe polisi kwa kuhujumu mradi. Mwanamke aliyewanywesha maji kwa miaka yote ile, na kwa mkono wake mwenyewe.

Ningependa kusema kwamba mimi nilimtetea tangu mwanzo. Sikumtetea. Nilimpigia simu nikiwa nimefura, na hasira zenyewe zilikuwa za mtu ambaye ndani kabisa anajua amefanya nini na hataki kujitazama.

"Mama, ni kweli unaizima mashine?"

"Naipumzisha," akasema, sauti imetulia kabisa. "Adhuhuri ikifika mimi naenda kuswali, na yenyewe inapoa. Naipangusa vumbi kwa kitambaa kibichi. Nikirudi naiwasha. Injini isiyopumzika inakufa, mwanangu. Siku moja tu mume wangu alisahau kuipumzisha, ikakamata pistoni, tulikaa mwezi mzima bila maji."

Nikamkatiza. Nilimwambia, na haya ndiyo maneno yangu kama yalivyotoka: "Hivi wewe mama ni mjinga kiasi gani? Nilikwambia usiguse!"

Nikasikia kuku wake wakilia kwa mbali.

"Hukuniambia nisiguse," akasema. "Uliniambia hakuna cha kufanya." Akakata simu.

Nilibaki nimeshika simu. Mtoto wa Kiislamu, niliyelelewa na bibi aliyekuwa akinichapa nikimpita mkubwa bila shikamoo, nimemwita mjinga mama mwenye umri wa mama yangu. Na bado sikumpigia tena. Nilijipa sababu kwamba nina kazi.

Kesho yake mwenyekiti alinitumia ile memori kadi kwa bodaboda, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nikainakili yote kwenye kompyuta yangu nikaiamsha ndani ya emuleta. Ikaanza vizuri. Maandishi meupe yakapanda, yakafika katikati, yakasimama. Linux ilikuwa inatafuta faili inazozihitaji ili iamke, na mahali pa faili hizo palikuwa na takataka. Ilikuwa kama kufungua daftari ukute kurasa za katikati zimelowa na kugandana.

Nikachukua nakala safi ya imeji ile ile, ile niliyoipigia makofi. Nikaiamsha. Ilipoanza kuandika vipimo, badala ya kuiaga kwa adabu nikaifunga emuleta ghafla, kama anayeshusha swichi. Nikaiamsha tena: ikaamka. Nikaiua tena. Ikaamka, inalalamika kidogo. Mama yangu akapita na ndoo za bati akauliza naua nini, maana nilikuwa nasema kwa sauti. Mara ya kumi na nne haikuamka. Ilisimama pale pale iliposimama kadi ya kijijini.

Nikakaa nikaitazama. Mara kumi na nne. Yule mama alikuwa ameizima kila siku kwa miezi miwili, na imeji yangu ilikuwa imemvumilia yeye kuliko ilivyonivumilia mimi. Hakuwa ameharibu kitu. Wingu zito lingefanya hivyo hivyo, waya uliolegea ungefanya hivyo hivyo. Pampu ile ingekufa tu, kama si kwa mkono wake basi kwa mvua ya kwanza ya Novemba. Mashine inayokufa kwa kuzimwa haijaharibiwa na aliyeizima. Imeharibiwa na aliyeitengeneza, na aliyeitengeneza alikuwa amekaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la vyombo anakunywa chai.

Nilikwenda ofisini na kompyuta kwapani, nikamwonyesha bosi. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Tengeneza imeji nyingine, weka, nyamaza," akasema.

"Na ripoti?"

"Ripoti imeshaenda. Ukianza kusema imeji ilikuwa na shida, vile vijiji vingine tunavipoteza, na kazi yako unaipoteza. Tumia akili, dada. Wewe una maisha mbele. Yule bibi hana cha kupoteza."

Nimesikia matusi mengi sokoni Singida, ya wachuuzi na ya madereva, lakini sijawahi kusikia tusi kama lile. Hana cha kupoteza. Mtu ambaye kitu pekee alichobaki nacho duniani ni kwamba injini iliwakataa wanaume watatu ikamkubali yeye. Nilitaka kumrushia bosi mashine yake ya kutoboa karatasi. Badala yake nikasema sawa, nikatoka, na niliposema sawa nilijichukia.

Nilikwenda kuijenga imeji mpya. Roho ya mashine nikaifunga, isomwe tu. Vipimo nikavitengea kipande chao pembeni, kikiharibika kinafutwa na kuanzishwa upya, mashine inaendelea na safari. Nikaiamsha kwenye emuleta nikaiua mpaka kidole kikafa ganzi. Kila mara ikarudi nzima. Kazi yote ilinichukua siku tatu. Hizo hizo siku tatu nilizozionea uvivu.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye darasa la shule ya msingi, watu wakabanana kwenye madawati ya watoto na wengine wakachungulia madirishani. Nilikuwa nimetangulia kibandani kuweka kadi mpya, na maji yalikuwa yameanza kupanda. Bosi alizungumza kwanza. Alizungumza sana. Alisema teknolojia ni ya kisasa, mtambo umejaribiwa kwa viwango vyote, na kwamba mradi mzuri unaweza kuuawa na mkono mmoja. Aliposema mkono mmoja watu wakageuka wakamtazama mama, aliyekuwa amekaa dawati la mbele peke yake, mtandio umebana, funguo zake zimelala mezani kwa mwenyekiti.

"Mama," mwenyekiti akasema, "ni kweli ulikuwa unaizima?"

"Kweli. Kila adhuhuri."

Darasa zima likaguna. Mzee mmoja nyuma akasema kitu kwa Kinyaturu, watu wakacheka kicheko kibaya. Mama hakugeuka.

Mimi si mtu wa mikutano. Lakini kile kicheko kilinipandisha. Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba nafasi. Mashine hakuiharibu mama. Ilikuwa mbovu tangu siku tunaileta. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Bosi akacheka kwa meno. "Msameheni, amechoka. Mtambo ulijaribiwa."

"Ulijaribiwa humu," nikasema, nikaweka kompyuta juu ya meza ya mwalimu. "Na naweza kuwaonyesha humu humu."

"Hiyo ni michezo ya kompyuta," bosi akawaambia watu. "Siyo mashine yenyewe. Huwezi kumhukumu mtu kwa mchezo."

Hapo nikapandisha sauti, na mbele ya wazee, na sijutii. "Siku ya kuifunga hukusema ni mchezo! Ulisema imewaka humo, basi, twendeni. Ilitosha kuwaletea watu hawa mashine. Leo haitoshi kumsafisha mama?"

Mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Onyesha."

Nikamwomba mama aje mwenyewe. Alikuja polepole. Nikaiamsha imeji ya zamani, nikamweleza: hiki kilichomo humu kinajiona ni kile kisanduku cha kibandani, ukibonyeza hapa, umeshusha swichi. Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayesukuma kitasa. Kioo kikazimika. Nikaamsha. Ikaamka. Akabonyeza. Ikaamka. Ya tatu, ya nne, ya tano. Watu wakaanza kunong'ona, bosi akakunja mikono anatabasamu. Imeji ile haina ratiba ya kufa, ingeweza kuamka mara thelathini ikaniacha uchi pale mbele. Ya tisa. Ya kumi. Ya kumi na moja, maandishi yakapanda, yakafika katikati, yakasimama. Tukangoja. Hayakusogea.

"Imekufa?" mama akauliza.

"Imekufa. Ndiyo hii iliyokuwa kibandani kwako."

Kisha nikaiamsha imeji mpya, ile niliyoiweka kibandani asubuhi hiyo. Akaiua, ikarudi. Mwenyekiti akaja akaiua, ikarudi. Yule mzee aliyecheka naye akaja na kidole chake, akaiua mara tano mfululizo kwa hamu kabisa, ikarudi. Nje mtu akapiga kelele kwamba bomba linatoa maji. Darasa likalipuka, wengine wakakimbilia ndoo, na mwenyekiti akazichukua funguo akazinyoosha kwa mama.

Mama hakuzipokea. Alinigeukia mimi kwanza.

"Wewe binti. Siku ile kwenye simu uliniitaje?"

Waliokuwa wakitoka wakasimama mlangoni. Nikasema. "Nilikuita mjinga, mama. Na mjinga nilikuwa mimi. Nakuomba radhi, mama, mbele ya watu wote hawa." Nilipiga goti kwenye sakafu ile ya vumbi.

"Inuka," akasema. Akamgeukia bosi. "Na wewe, kwenye karatasi uliniitaje?"

Bosi akatazama saa yake. Mwenyekiti akamwambia aisome ripoti yake, nakala iko kwenye faili alilokuja nalo. Akasoma haraka haraka kama mtu anayemeza dawa: mhudumu asiye na uelewa, kwa makusudi, bila idhini.

"Karatasi hiyo iko wapi sasa?"

"Kwa wafadhili, mama. Ila ile ni lugha ya kiofisi tu. Funguo si umerudishiwa?"

"Huyu binti amenitukana sikioni kwangu," mama akasema. "Nilimsikia, nilimjibu, leo amekuja ameomba radhi. Yamekwisha. Wewe umenitukana mahali ambapo mimi siwezi kufika. Huko nitajibuje?"

Mama akaishika mikono ya mwenyekiti, akaifumba juu ya funguo.

"Kaa nazo. Karatasi ikirudi, nitazichukua."

Akajitanda mtandio, akapita katikati ya watu, akatoka. Hakuna aliyecheka.

Kazi niliacha wiki ile, au niliachishwa, inategemea unamuuliza nani. Pampu haijasimama tena; inaangaliwa na mmoja wa wale wanaume watatu, na simu zote za kuuliza taa hii ina maana gani zinakuja kwangu. Wafadhili nimewaandikia barua tatu, nimewatumia imeji zote mbili na maelezo ya namna ya kuiua ya kwanza, mtu yeyote anaweza kujaribu mezani kwake. Mwezi uliopita nilimpigia mama nikamweleza kwamba ya tatu nayo imekwenda.

"Wamejibu?" akauliza.

"Bado, mama."

"Haya, mwanangu," akasema. "Wakijibu utanipigia."